Mke, Mume na Robo Ekari

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumze na wanandoa mliopata, au mnaotafuta, kipande cha ardhi huku Morogoro ili muanze maisha ya shamba mkiwa wawili. Ninalo jambo moja kubwa la kuwaambia: miaka ya mwanzo limeni eneo dogo kuliko nguvu zenu. Mkiwa na ekari tatu, anzeni na robo ekari. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na hii milima ya Uluguru tunayoiona hapo nje. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wake, na watu wakaamriwa kuchimba ngazi za kulimia kwenye miteremko. Shida yenyewe ilikuwa ya kweli, maana udongo ulikuwa ukiporomoka na mvua. Lakini sehemu nyingi za mlima huu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukichimba ngazi harakaharaka unaufukia ule mzuri na kuufunua wa chini usio na chakula cha mmea. Mahindi yakadumaa. Watu wakaona wanatolewa jasho ili wapate njaa, na mwaka 1955 wakakataa, ghasia zikazuka. Sasa pandeni Mgeta, upande wa pili wa mlima huohuo. Ngazi mtazikuta, zinatunzwa na wenyewe bila kuamriwa na mtu, kwa sababu kule kuna ubaridi, kuna maji ya mifereji, na kabichi, karoti na njegere zinalipa ile kazi. Mbinu ni ileile, ila huku ilikataliwa na kule ikakubalika. Ndiyo maana mimi siamini ushauri wa kilimo unaotolewa na mtu ambaye hajaukanyaga udongo wenu mvua ikinyesha.

Basi mwaka wa kwanza uwe wa kulima na kutazama. Masika ikishika, vaeni mabuti mzunguke shamba wakati maji yanatembea. Yanaingilia wapi? Yanatuama wapi? Hapo yanapotuama msijenge banda, wala msipande mpapai, utaoza mizizi. Vuli nayo itazameni kivyake, maana kuna miaka inakuja nusu. Na nendeni kwa mzee jirani, mkae, mumsikilize amalize.

Sasa kwa nini robo ekari? Ekari moja ni kama mita za mraba elfu nne. Mahindi yanataka palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili tatu tangu yachomoze. Mkichelewa, magugu yameshakula mbolea. Watu wawili wenye majembe, na mmoja wao bado anakwenda kazini mjini, ekari tatu hawaziwezi. Robo wanaiweza. Halafu kuna viwavijeshi vamizi, ambao tangu wabishe hodi nchini mwaka 2017 hawajaondoka. Kwenye eneo dogo mnapita asubuhi, huyu mstari wake na yule wake, mnachungulia moyo wa kila mmea wa mahindi, mnaponda mayai na vile viwavi vichanga kwa vidole. Shamba ambalo macho manne yanaweza kulimaliza kabla ya chai halihitaji sumu nyingi.

Mifugo ije ikifuata chakula chake. Nawasihi sana hapa. Mbuzi wa maziwa wamezoeleka Mgeta tangu miaka ya 1980, na ni mnyama mzuri kwa familia ndogo. Lakini pandeni majani kwanza, nyasi za guatemala na miti ya malisho ya lukina kwenye kingo za shamba, yashike na kukatwa zaidi ya mara moja, ndipo mbuzi aje. Kuku anzeni na matetea wachache wa kienyeji na jogoo mmoja. Yai linaanguliwa kwa siku 21, watajiongeza wenyewe. Kinachowamaliza ni ugonjwa wa kideri. Chanjo ile ya tone moja jichoni irudiwe kila miezi mitatu, na kwa kuwa kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, chanjeni siku moja na majirani.

Nimeulizwa mwanaume afanye nini na mwanamke afanye nini. Mtajigawia wenyewe kwa kadiri mnavyojuana. Mimi ninachodai ni daftari moja, mnaandika wote: kilichopandwa, tarehe, kilichotumika, kilichouzwa.

Na ninadai karatasi. Kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inawapa nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kubeba majina yenu wote wawili. Nendeni halmashauri ya kijiji mapema, kabla hata ya kupanda miembe. Nimewaona akina mama waliobeba samadi kichwani miaka na miaka, mume akafariki, ndugu wakaja kupima shamba kwa hatua. Inaniuma kila ninapokumbuka. Baba uliyeketi hapa, kama unampenda huyo uliyekuja naye, jina lake liandikwe.

La mwisho ni ghala. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kupima ni rahisi. Chukua chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Hapa mezani nimeleta chupa mbili na mahindi ya magunia mawili tofauti. Naomba mume na mke mmoja mje mbele mtikise, wakati wengine mnaandaa maswali.