Toyota hawapandi Kitonga

Jamani tukae basi, mliosimama mlangoni viti vipo huku mbele, tusije tukafika saa saba bado tunasalimiana.

Naanza na Toyota maana kila kijana aliyesoma ugavi akishika maiki anaanza na Toyota. Ule mfumo wa kutorundika mzigo stoo, kitu kifike pale tu kinapotakiwa, Taiichi Ohno aliupika kiwandani baada ya vita kuu ya pili, na sehemu ya wazo kalitoa supamaketi za Marekani, mteja akichukua ndo rafu inajazwa. Safi kabisa. Ila wale wauzaji wao wengi wako jirani na kiwanda, sisi hapa Mbeya mzigo unatoka Dar, kilomita 800 na ushee, lori likipinduka kwenye mlima wa Kitonga huko njiani, barabara imefungwa, unafanyaje? Na hao hao Toyota baada ya tetemeko la Japani la 2011 waliona cha moto, wakawataka wauzaji wa chipu, vile vidude vya kielektroniki vya kwenye gari, wakae na akiba ya miezi 2 mpaka 6.

Haya toeni simu tupige hesabu. Una kiwanda cha kukoboa mpunga, unatumia mifuko 200 ya kufungia mchele kwa siku kwa wastani, ukiagiza inafika baada ya siku 6. Wengi mnasema 200 mara 6, 1,200, ikibaki hiyo naagiza. Hapo ndo mnapigwa, maana huo ni wastani, na lori halitembei kwa wastani. Chukua siku mbaya, msimu umechanganya unatumia 250 na mzigo umechelewa mpaka siku 11, hiyo ni 2,750. Ikibaki 2,750 agiza. Tofauti ya 1,550 ndo akiba ya usalama. Ni hesabu ya mtu mwoga, nakubali, muuzaji wako akiwa mwaminifu zile siku 11 zinashuka na akiba inashuka nayo, kwa hiyo andika tarehe ya oda na tarehe ya kupokea kila mara, bila hizo tarehe unabahatisha tu.

Sasa spea. Mabosi wanapenda kulinda vitu vya bei mbaya, mota imefungiwa kwa kufuli mbili, halafu rola za mpira za kukobolea, ambazo zinaisha kila mtu anajua zinaisha, hakuna hata pea moja ya akiba. Mashine imesimama, vibarua wamekaa kwenye magunia wanachati, mkulima wa Ubaruku kahamishia mpunga wake kwa jirani. Usiulize spea inauzwa bei gani, uliza isipokuwepo nini kinasimama.

Ila msinielewe vibaya mkaenda kujaza stoo. Hela ya mkopo iliyolala stoo riba inaendelea, na kwa baridi na unyevu wa huku simenti ukiirundika sakafuni na kuegemeza ukutani inashika jiwe. Weka juu ya mbao, kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

Ndio mama, nimekuona. Anauliza anunue programu ya kompyuta ya hesabu za stoo au aendelee na kadi, zile za kuandika kilichoingia na kilichotoka? Mama, chagua leo vitu 10, vihesabu kwa mkono, linganisha na kadi. Vikipishana, programu itakuonesha uongo ule ule ila kwa rangi nzuri. Vikilingana wiki hadi wiki, nunua.