Bukta ya Kinshasa: Mhadhara juu ya George Foreman

Ndugu zangu mabondia, makocha wenzangu, na wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi, asanteni. Nitaanza na bukta.

Usiku wa tarehe 5 Novemba 1994, pale MGM Grand mjini Las Vegas, mzee mmoja mwenye kipara alipanda ulingoni akiwa na bukta nyekundu ya zamani. Alikuwa na miaka 45 na uzito wa kilo 113. Bukta hiyo ndiyo aliyoivaa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, alipoangushwa na Muhammad Ali mbele ya watu wapatao 60,000. Ilikuwa imepita miaka 20 na siku sita. Wengi wetu nguo ya namna hiyo tungeichoma moto. Yeye aliitunza, na siku ya kudai mkanda wake wa ubingwa akaitoa akaivaa.

Huku kwetu George Foreman tunamjua kama yule aliyepigwa na Ali. Tumelelewa upande wa Ali, na mimi simo nje ya hao. Lakini hebu sikilizeni zile kelele za uwanjani, “Ali, boma ye!” Kwetu boma ni ngome, au ua wa ng'ombe. Kwa Kilingala neno hilo ni kuua. Uwanja mzima ulikuwa ukisema: Ali, muue. Aliyekuwa akiombewa kifo ni kijana wa miaka 25, mgeni, asiyejua lugha ya mji ule. Leo nataka tukae konani mwake.

Alizaliwa Marshall, Texas, tarehe 10 Januari 1949, akakulia mtaa wa Fifth Ward, Houston, katika nyumba yenye watoto saba na njaa. Shule aliiacha. Mwenyewe alisimulia alivyokuwa akikaba watu barabarani, na jinsi siku moja alivyojificha chini ya nyumba ya watu akijipaka matope ili mbwa wa polisi wasimnuse. Mwaka 1965 akajiunga na Job Corps, mpango wa serikali ya Rais Lyndon Johnson wa kuwafundisha kazi vijana maskini. Wakampeleka Oregon, kisha California, na huko akakutana na kocha Doc Broadus, aliyemwambia kwamba kama anapenda kupigana basi apigane penye mwamuzi.

Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa Olimpiki. Mexico City, 1968, fainali ya uzito wa juu: alimmaliza Jonas Čepulis wa Umoja wa Kisovieti raundi ya pili. Na hapa niwakumbushe jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kwenye michezo hiyo hiyo alikuwapo Philip Waruinge wa Kenya. Alirudi na medali ya shaba ya uzito wa unyoya, lakini Kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote, alipewa yeye, si Foreman. Waganda nao, Eridadi Mukwanga alichukua fedha na Leo Rwabwogo shaba. Kwa hiyo msije mkafikiri hadithi hii ni ya watu wa mbali tu. Foreman alipokuwa akijifunza ngumi, kijana wetu alikuwa akizifundisha.

Sisemi hivyo kumdharau. Nasema kwa sababu Foreman wa siku zile hakuhitaji ufundi mwingi. Alikuwa na mikono ya kutisha. Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1969, na tarehe 22 Januari 1973, Kingston, Jamaika, akakutana na Joe Frazier, bingwa ambaye hakuwa amepoteza pambano, aliyekwisha kumpiga hata Ali. Frazier alianguka mara sita ndani ya raundi mbili. Tafuteni pambano hilo mlitazame. Kuna ngumi moja inayomnyanyua Frazier hadi miguu inaachana na turubai. Baada ya hapo José Roman alimalizwa Tokyo kwa raundi moja, na Ken Norton, aliyewahi kumvunja Ali taya, alimalizwa Caracas kwa raundi mbili.

Alipofika Zaire alikuwa amepigana mara 40 na kushinda mara 40, mara 37 kwa KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano. Lakini kocha haisomi rekodi hivyo tu. Mapambano yake manane ya mwisho, hakuna hata moja lililovuka raundi ya pili. Bondia akiona hivyo anajisifu. Kocha anatakiwa kuogopa.

Naomba nilisemee hili kwa uchungu kidogo, maana nimelipia. Niliwahi kukaa konani na kijana wangu, mzito, mkono kama nyundo. Jimuni nilimpa begi kila siku, kwa kuwa nilipenda kulisikia likilia. Raundi mbili za kwanza alikuwa simba. Ya tatu nikarusha taulo. Hakupigwa sana, pumzi ilikata, mikono ikashuka, na mtoto wa watu akawa amesimama tu kama nguzo. Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha kupiga akiwa na nguvu, sikumfundisha kupigana akiwa amechoka.

Kinshasa ni hivyo hivyo, kwa kipimo kikubwa. Don King, mwandalizi wa pambano, alikuwa amewaahidi mabondia dola milioni 5 kila mmoja, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyowezesha fedha hizo. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba. Foreman akapasuka juu ya jicho la kulia akiwa mazoezini, kiwiko cha mwenzake kilimgonga, ikabidi kusubiri zaidi ya mwezi. Ali alitumia siku zile kutembea na watu, kutania, kubeba watoto. Foreman alijifungia. Tena alikuja na mbwa wake, mkubwa, wa aina ile ile waliyoitumia polisi wa Kibelgiji enzi za ukoloni. Hakuna aliyemwambia, au hakusikia. Mji ukamkataa kabla hajarusha ngumi.

Walianza kama saa kumi alfajiri, ili Wamarekani waone kwa saa zao za jioni. Raundi ya kwanza Ali alifanya jambo ambalo kijana akilifanya jimuni tunamgombeza: alitanguliza mkono wa kulia. Mkono huo una safari ndefu, mpinzani anauona ukitoka. Foreman hakuutegemea kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumfanyia hivyo. Ukampata, ukampata tena. Akakasirika. Kwa macho yangu mkanda ulianza kutoka kiunoni mwake pale, si raundi ya nane.

Raundi ya pili Ali akaenda mwenyewe kwenye kamba, akaegemea, uso nyuma ya glavu, mbavu nyuma ya viwiko. Foreman akaona kama kafunguliwa mlango. Akapiga mikono, akapiga mbavu, akapiga kila kilichokuwa mbele yake, kwa nguvu zote, katika joto lile. Na kila akipiga, yule mtu anamnong'oneza sikioni: ndiyo hizo tu, George? Raundi ya tano ngumi za Foreman zinaanza kusukuma badala ya kupiga. Raundi ya saba anaburuta miguu. Raundi ya nane inakaribia kwisha, Ali anatoka kwenye kamba, kushoto, kulia, na Foreman anazunguka akianguka taratibu kama mti. Mwamuzi Zack Clayton alimaliza kuhesabu zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Alichukua muda mrefu kukubali. Alilalamika kwamba mwamuzi alihesabu haraka, kwamba maji aliyokunywa yalikuwa na ladha ya dawa. Mwaka 1975, Toronto, alipigana na watu watano usiku mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta pa kumalizia hasira. Mwaka 1976 alimpiga Ron Lyle katika pambano ambalo wote wawili walianguka, akampiga Frazier tena. Kisha tarehe 17 Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, Jimmy Young akamchezesha raundi 12, akamwangusha raundi ya mwisho, akamshinda kwa pointi.

Chumbani, baada ya pambano hilo, Foreman aliona anakufa. Ndivyo alivyolieleza maisha yake yote: giza, harufu ya mauti, kisha akaanza kupiga kelele akilitaja jina la Yesu huku watu wake wakijaribu kumshika. Wapo wanaosema ulikuwa mwili uliochoka kwa joto. Sina haja ya kubishana nao. Ninachokiona ni alichofanya baadaye. Akiwa na miaka 28, mwenye soko, mwenye mikono ile, aliacha. Akahubiri kwenye kona za barabara za Houston, akafungua kanisa dogo, kisha kituo cha vijana ambako watoto wa mtaani wangeweza kufanya mazoezi. Miaka kumi hakupigana.

Kilichomrudisha ni fedha za kile kituo. Hakutaka kuzunguka na bakuli la kuomba, akarudi kwenye kazi aliyoijua. Machi 1987, Sacramento, akiwa na miaka 38 na kilo zaidi ya 120, alimpiga Steve Zouski raundi ya nne. Watu walicheka. Walisema anachagua wapinzani dhaifu, na mwanzoni ni kweli. Lakini makocha, tazameni alichokuwa akikijenga. Alishinda mapambano 24 mfululizo, na katika mapambano hayo hakukimbia popote. Alitembea. Mikono aliikunja mbele ya kifua na uso kama mtu aliyebeba mzigo, ulinzi aliokuwa nao Archie Moore, mzee aliyekuwa konani mwake Kinshasa. Mkono wa kushoto aliunyoosha polepole, bila kuchoka, raundi baada ya raundi. Na kati ya raundi hakukaa kwenye kiti. Alisimama. Mtu aliyeanguka kwa kuishiwa pumzi sasa anakataa hata kupumzika!

Aprili 1991 alicheza raundi zote 12 na Evander Holyfield, aliyekuwa na miaka 28. Foreman alikuwa na 42. Alipoteza kwa pointi, na kwangu mimi usiku ule ni mkubwa kuliko ule wa Kingston, kwa sababu safari hii alimaliza. Mwaka 1993 Tommy Morrison alimshinda, na wengi wakamzika.

Basi tunarudi kwenye bukta. Michael Moorer alikuwa na miaka 26, hajapoteza katika mapambano 35, bondia wa mkono wa kushoto, aliyemvua Holyfield mikanda ya WBA na IBF, mashirika mawili yanayotoa ubingwa wa dunia. Foreman alipoanguka Kinshasa, Moorer alikuwa mtoto wa miaka sita. Na konani mwa Foreman usiku huo alikaa Angelo Dundee. Wazee mnalijua jina hilo. Ndiye aliyekuwa konani mwa Ali Kinshasa. Foreman alimchukua mtu aliyeona kwa karibu kuliko wote jinsi alivyovunjwa, akamweka nyuma ya mgongo wake.

Raundi tisa Moorer alimpiga. Majaji wote watatu walimpa Moorer. Uso wa mzee ulikuwa umevimba. Teddy Atlas, kocha wa Moorer, alikuwa akimsihi kijana wake asisimame mbele ya yule mtu. Kijana akasimama, kwa sababu kwa raundi tisa hakuona sababu ya kuhama.

Raundi ya kumi mzee akamwangusha, na mikanda ikawa yake; hiyo nitawaonyesha mwishoni. Baada ya hapo mikanda ilimtoka Foreman mezani, si ulingoni: WBA walimvua kwa kutopigana na Tony Tucker, mpinzani waliyemtaka akutane naye, na baada ya kumshinda Mjerumani Axel Schulz kwa pointi ambazo mimi nisingempa, hakukubali marudiano, ule wa IBF nao ukaenda. Pambano la mwisho lilikuwa na Shannon Briggs, Novemba 1997. Ushindi 76, kati yake 68 kwa KO, kushindwa mara tano. Alifariki tarehe 21 Machi 2025, akiwa na miaka 76. Habari za jiko la kuchomea nyama lililomtajirisha mtaniuliza wakati wa chai.

Sasa naomba mtu azime taa hapo nyuma. Nitawaonyesha raundi ya kumi, Las Vegas. Msimtazame Moorer. Tazameni mkono wa kushoto wa Foreman, unavyotoka bila haraka na kumweka yule kijana mahali pake. Halafu wa kulia, wa kwanza, mtaona Moorer anatikisika kidogo tu. Unakuja wa pili. Ni mfupi sana, wengine itabidi tuurudie ndio muuone. Na Moorer akiwa chini, msiondoe macho kwenye kona: mzee ameshapiga magoti, na bukta ndiyo ile.