Punje Moja ya Sukari kwa Siku: Hewa Chafu na Moyo

Habari za jioni. Nashukuru mmeacha shughuli zenu mkaja. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na wanaonifahamu vizuri wameshaanza kuangalia saa.

Nimekuja na kitu hiki mkononi. Walio nyuma huenda hawakioni: ni kichujio, kiduara chembamba chenye upana wa milimita 37. Kabla ya kukitumia tunakilaza usiku kucha katika chumba ambacho joto na unyevu wake havibadiliki, kisha tunakipima kwenye mizani inayoweza kusoma sehemu moja ya milioni ya gramu. Tunakishika kwa kibano, maana ukikigusa tu, jasho la ncha ya kidole linaweza kuushinda uzito tunaoutafuta. Baada ya hapo kinaingia kwenye kifaa, pampu inavuta hewa kupitia humo kwa saa 24, kinarudi mizanini. Hiki kilitoka kwangu cheupe kama karatasi. Tazameni rangi yake sasa: majivu.

Kilichonaswa hapa ni chembechembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, zile zinazoitwa PM2.5. Unywele wa kichwani una mikromita kama 70, kwa hiyo ungepanga karibu 30 za hizi bega kwa bega kuuvuka unywele mmoja. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, tunapiga chafya, mambo yanaisha. Hizi zinapita hadi kwenye vile vifuko vidogo vya hewa mwisho wa mapafu, mahali ambapo ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba mno. Zinatoka kwenye dizeli, makaa ya mawe, kuni, moto wa nyika, viwanda. Nyingine hazitoki kwenye bomba lolote; zinajiumba angani kutokana na gesi za salfa na naitrojeni.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima huvuta mita za ujazo 10 hadi 15 za hewa kwa siku. Tuseme kila mita ina mikrogramu 50 za chembe hizi, yaani hewa chafu kweli, mara kumi ya wastani wa mwaka uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ambao ni mikrogramu 5. Zidisheni. Kwa wingi ni mikrogramu 750. Haifiki hata miligramu moja. Ni kama punje moja ya sukari kwa siku nzima.

Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza: punje ya sukari ndiyo imwangushe mtu? Na mbona imwangushe kwa moyo, wakati iliingia mapafuni? Nilipouliza hivyo nikiwa mwanafunzi, mwalimu wangu hakunijibu. Alinipa kibano, akaniambia nikapime.

Kwamba hewa chafu sana inaua, hilo halikuwa na ubishi. Ukungu wa moshi uliotanda London tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 ulihesabiwa kwanza kuwa umeua watu kama 4,000. Wachambuzi wa baadaye, waliojumlisha na wiki zilizofuata, walifika kama 12,000. Lakini huo ulikuwa moshi wa kukuzuia kuona viatu vyako. Ubishi ulikuwa juu ya hewa ya kawaida, ile ambayo mtu anaiangalia na kusema leo kumekucha vizuri.

Ndipo ukaja utafiti wa miji sita ya Marekani, ulioongozwa na watafiti wa Harvard. Watu wazima 8,111 waliandikishwa miaka ya 1970 wakafuatiliwa kwa miaka 14 hadi 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: hata baada ya kuzingatia sigara, elimu na uzito wa mwili, vifo katika Steubenville, mji mchafu kuliko yote sita, vilizidi vya Portage, uliokuwa safi kuliko yote, kwa asilimia 26. Na vifo hivyo vya ziada vilielemea kwenye moyo na mapafu. Ukawaka moto. Wenye viwanda walidai takwimu ghafi zitolewe. Mwishowe taasisi ya Health Effects Institute ilikabidhi data kwa wachambuzi wengine kabisa, wakazifumua upya, na mwaka 2000 wakatoka na jibu lilelile.

Hata hivyo nataka muwe wabishi kidogo. Mtu wa Steubenville si mtu wa Portage. Wanaoishi penye moshi mara nyingi ndio wenye kipato kidogo, kelele nyingi, kazi ngumu. Utaondoa vyote hivyo kwa hesabu? Vile ulivyovipima, ndiyo. Usivyovipima, huwezi.

Njia moja ya kutoka kwenye mtego huu, nami naiona ni ya werevu mkubwa, ni kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe. Mtafiti Malcolm Maclure aliieleza mwaka 1991. Mgonjwa amepata mshtuko wa moyo Jumanne saa nne asubuhi. Tunauliza: hewa ilikuwaje saa mbili kabla? Kisha tunauliza ilikuwaje nyakati nyingine ambazo mtu yuleyule alikuwa mzima. Sigara zake ni zilezile, mshahara uleule, jirani mwenye kelele yuleyule. Kilichobadilika ni hewa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2001 ulifanya hivyo kwa wagonjwa 772, ukaona mshtuko wa moyo ulikuwa na uwezekano mkubwa zaidi pale chembe zilipopanda katika saa mbili zilizotangulia. Saa mbili tu!

Hapa madhara yana mwendo wa aina mbili, na watu huichanganya. Kuna ule wa polepole: utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia watu karibu 6,800 kwa miaka kumi, ulionyesha kwamba chokaa kwenye mishipa inayolisha moyo iliongezeka haraka zaidi kwa walioishi penye chembe nyingi. Na kuna ule wa ghafla, wa saa na siku, ambao humsukuma aliyekwisha kufika ukingoni.

Ghafla namna gani? Mwaka 2007 zilichapishwa habari za wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na hali zao zikatulia. Waliingizwa kwenye chumba maalumu, wakapiga baiskeli na kupumzika kwa zamu kwa saa moja. Siku moja hewa safi, siku nyingine hewa yenye moshi wa dizeli uliozimuliwa kwa hewa hadi ukabaki na mikrogramu 300 za chembe kwa kila mita ya ujazo. Siku ya moshi, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha misuli ya moyo inanyimwa damu zaidi wakati wa mazoezi, na mwili ukapunguza kutoa kile kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda. Timu hiyo ilipoondoa chembe kwenye moshi na kubakiza gesi, madhara kwenye mishipa na kuganda kwa damu yalizuilika. Kwangu mimi huo ndio ushahidi uliofunga mjadala wa dizeli: chembe zenyewe ndizo zenye kesi.

Ni vipi zinafika moyoni, zipo njia tatu, na sidhani zinagombana. Mapafu yakichokozwa huwasha mchochota, yaani ile hali ya kinga ya mwili kupandisha joto la vita, na kemikali zake humwagika kwenye damu. Neva za mapafu hupeleka taarifa na mapigo ya moyo hupoteza ile hali yake ya kawaida ya kubadilikabadilika kidogo. Na chembe ndogo kabisa huvuka zenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh waliwapa watu wa kujitolea wavute vumbi la dhahabu, dhahabu ikaonekana kwenye damu ndani ya dakika 15, na miezi mitatu baadaye bado ilikuwapo mwilini. Kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingo, dhahabu ilikutwa imekaa palepale penye ugonjwa.

Msije mkadhani kila kitu kimenyooka. Dublin, mji mkuu wa Ireland, ilipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi tarehe 1 Septemba 1990, na moshi mweusi ukashuka kwa asilimia kama 70. Mwaka 2002 ikatangazwa kwamba vifo vya moyo vimeshuka kwa asilimia kama 10. Mfano mtamu, nimeufundisha miaka mingi. Mwaka 2013, baadhi ya watafiti walewale walirudi wakasema: vifo vya moyo vilikuwa vinashuka Ireland nzima, hata kusikokuwa na marufuku, kwa hiyo hatuwezi kuitofautisha sehemu ya makaa. Upande wa mapafu ulisimama. Wa moyo haukusimama. Nilifuta ukurasa mzima wa maandishi yangu ya darasani, na sikuona raha.

Kuna aliyeandika swali hapa: vipi kuhusu makosa ya vipimo? Ni mengi. Katika kazi yangu mwenyewe tuliwapa washiriki vifaa vya kubeba mgongoni. Mmoja alileta takwimu safi mno, hewa ya mlimani. Tukaangalia kihisi cha mwendo: kwa siku mbili kifaa hakikutikisika. Kilikuwa kimetundikwa ndani ya kabati, kinavuta hewa ya nguo. Makosa ya namna hii, yakiwa ya ovyoovyo, mara nyingi hufifisha uhusiano badala ya kuuzua. Kwa hiyo nambari nilizowasomea huenda ziko chini ya ukweli, si juu.

Swali la pili: kama ni hivyo, mvutaji sigara si angekufa siku ya kwanza? Swali zuri. Sigara moja humwingizia mtu kama miligramu 10 za chembe, pengine zaidi. Pakiti kwa siku ni zaidi ya mara 200 ya ile punje yetu ya sukari. Lakini hatari yake ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ni kama mara mbili ya asiyevuta, si mara mia mbili. Maana yake mchoro wa hatari hupanda kwa kasi mwanzoni, kwenye dozi ndogo, kisha hulala. Aliye kwenye mikrogramu 20 akishuka hadi 10 ananufaika kuliko aliye kwenye 110 akishuka hadi 100. Kwa wapangaji wa sera hili ni chungu, kwa sababu penye uchafu mkubwa unaweza kutumia fedha nyingi, ukapunguza kidogo, na mioyo isionyeshe kitu.

Naona mwenyekiti amesimama. Kichujio nakipitisha, mkitazame kwa karibu. Kishikeni kwa kibano, tafadhali. Hiki tumeshakipima, lakini mkono wangu hautaki kuona mtu anakigusa.