Usinunue Mawe ya Uani Bila Ndoo ya Maji na Stuli

Mambo vipi wadau. Leo nipo huku Tegeta, kando ya barabara ya Bagamoyo, na nimekuja na ndoo ya maji, ndimu na stuli. Mwenye mawe kaniuliza kama nimekuja kununua au kufungua genge.

Kwa wageni: mimi natengeneza viti na meza za nje. Mawe siuzi. Ila nimechoka kupigiwa simu, "Fundi, kiti chako kinacheza." Naenda, nakuta kiti kizima, sakafu ndiyo ina mabonde. Kwa hiyo leo tunachagua mawe ya pale uani unapokaa na wageni, jiko la nyama choma likiwa pembeni.

Kupima eneo mnajua. Urefu mara upana, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika. Tusonge.

Jiwe la kwanza hili hapa, la chokaa, rangi ya krimu. Saa saba mchana unapita peku na huungui sana. Mimi binafsi nalipenda. Sasa nakamulia ndimu... mpwa wangu, sogeza kamera, wanaona kidole chako. Haya. Mmeona povu? Hiyo ni ndimu inakula jiwe. Jamii hii ya mawe ndiyo inayochimbwa pale Wazo Hill kutengenezea saruji. Sasa fikiria kwako: ndimu ya mishikaki, siki, ukwaju, watoto na soda zao. Alama itakayobaki huitoi kwa sabuni, kwa sababu jiwe lenyewe limelika. Likae kwenye njia ya bustani, mbali na meza.

La pili ni graniti. Nakamulia, kimya, hakuna povu. Ni gumu hasa, muulize fundi diski za grainda zinavyoisha. Nyeusi inapendeza, ila pasipo na kivuli jua la Januari litakufanya uruke kama bisi.

Na hapa kwenye graniti ndipo nilipochemsha.

Kwangu niliweka iliyong'arishwa. Niliichagua kavu, juani, inameremeta kama kaunta ya benki. Ikaja masika. Mvua ya kwanza, shemeji yangu anatoka jikoni na sinia la pilau. Sinia lilifika getini, yeye akabaki njiani. Mpaka leo akija kwangu anatembea kwa kushika ukuta.

Kwa hiyo maji. Usijaribu jiwe likiwa kavu. Mwaga maji, vaa ndala zilezile za nyumbani, zile zilizokwisha soli, simama juu, sukuma mguu. Hivi. Ukiteleza hapa, na mgeni wako atateleza. Ukitaka graniti, omba iliyochomwa moto usoni au iliyogongwagongwa ikawa na chenga. Narudia, maji kwanza, pesa baadaye. Muuzaji akisema "hili halitelezi, bosi," mwambie sawa, halafu mwaga maji.

Maji hayohayo yana kazi nyingine mbili. Rangi unayoiona sasa ndiyo utakayoiona mvua ikinyesha, tazama hili la kijivu lilivyogeuka karibu jeusi. Na angalia kama tone linakaa juu au linazama. Likizama haraka, mafuta ya nyama nayo yatazama.

La tatu, haya mawe bapa yenye matabaka. Kwaruza ukingo kwa sarafu. Likibanduka magamba, achana nalo. Halafu ligonge: zima linalia kama sahani, lenye ufa linatoa mlio wa... subiri lori lipite. Jamani hiyo honi! Haya, sikiliza. Ngii. Na hili? Tup. Hili tunaliweka pembeni.

Sasa unene. Haya ya kupasuliwa hayalingani, moja milimita 20, jirani yake 40. Toa tepu, pima kama kumi hivi, chukua na ya chini ya rundo, usipime ya juu tu aliyokupangia. Ukilaza juu ya zege, milimita 20 hadi 30 zinatosha kwa watu na viti. Juu ya mchanga usishuke chini ya 40. Gari likipita hapo, hiyo ni video nyingine.

Halafu panga manne pamoja chini, weka stuli, kaa. Mimi nakaa... ona, mguu mmoja unaning'inia. Stuli hii niliipima asubuhi juu ya kioo, kwa hiyo msinitazame mimi. Geuza mawe, jaribu tena. Yakigoma mara tatu, tafuta rundo lingine.

Fundi wako akianza kulaza, mwachie pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, na umwambie maji yaelekee mbali na nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ukizidisha, chupa zinaanza kuhama mezani.

Na chukua mzigo wote siku moja, kutoka rundo moja. Ukirudi mwezi ujao kuongezea, rangi imeshabadilika na hutapata pacha wake. Kabla lori halijapakia, mwaga maji tena. Ndiyo, tena. Wengine hukuonyesha jiwe hili wakapakia lile.

Mpwa wangu, zima kamera tukapakie. Stuli iko wapi? Aa, kaikalia mwenye mawe. Mzee wangu, hiyo inauzwa, namba ipo hapo chini ya video.