Mtoto Akisema Amesahau

Mhadhara kwa walimu wa madrasa na wa shule za msingi

Walimu wenzangu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwa jumla.

Kabla sijaanza, pochi zibaki mfukoni. Kwenye noti ya shilingi elfu moja kuna picha ya Mwalimu Nyerere. Anatazama upande gani? Huku nasikia kulia, akina mama kule nyuma wanasema kushoto, na mzee wangu hapa mbele ameamua kunyamaza. Haya, sasa toeni noti. (Kicheko.)

Noti hiyo mmeishika mara ngapi? Wala hamkuisahau, hamkuwahi kuijua. Mwaka 1979 wanasaikolojia Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwaonyesha Wamarekani michoro 15 ya sarafu yao ya senti moja, mmoja tu ukiwa sahihi. Walioupata hawakufika nusu. Kwa kulipia nauli, rangi ya noti inatosha, kwa hiyo akili haihangaiki na mengine. Basi mtoto akikwambia "mwalimu, nimesahau", muulize kwanza moyoni mwako: kiliingia lini? Aliyekuwa akiitikia na wenzake huku anatazama kuku uani hana cha kusahau.

Tuje kwa aliyehifadhi kweli, maana huyo ndiye anayetuumiza vichwa.

Nyie wa madrasa mnaijua Surat Ar-Rahman. Aya moja, "Fabiayyi aalaai Rabbikumaa tukadhibaan", imerudiwa humo mara 31. Mtoto anaghani vizuri, akifika kwenye aya hiyo anaruka mbele au anarudi nyuma, na wewe unamkunjia uso. Lakini hebu tazama kilichompata. Kumbukumbu huja kwa kuvutwa: neno hili linavuta lile. Hapa kamba ni moja na ndoo ni 31, anavuta na inakuja yoyote. Wanasaikolojia wanaita hali hiyo mwingiliano: mambo yanayofanana yanazuiana njia. Ndiyo hiyohiyo inayokufanya ubonyeze namba ya siri ya zamani wakati umeibadilisha wewe mwenyewe wiki iliyopita.

Mwaka 1924, pale Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi 10 zisizo na maana. Walipolala kwa muda wa saa 8 walikumbuka takriban nusu. Waliposhinda macho muda uleule, kama moja tu. Saa ni zilezile, kwa hiyo muda peke yake hauwezi kuwa mkosaji. Wakasema ni shughuli za mchana zinazofunika kilichokaririwa. Baadaye ikaonekana kwamba usingizi wenyewe nao huimarisha kumbukumbu. Vyovyote iwavyo, kumkaririsha mtoto usiku kisha umwache alale si upuuzi wa wazee.

Kuna na hili: mwombe mtoto akusomee aya ya tano peke yake. Anaganda. Mwache aanze Bismillahi, anaifikia bila kusita. Aya ilikuwepo muda wote. Endel Tulving, mwanasaikolojia wa Kanada mzaliwa wa Estonia, alisisitiza tangu miaka ya 1960 kwamba kuwa na kitu kichwani na kuweza kukifikia ni mambo mawili. Tukimpa sifuri kwa kuganda, tumepima mlango tukadhani tumepima ghala.

Mtaniuliza kuhusu Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyesema tunayasukuma mbali yanayotuumiza. Kwa kazi yetu hii hanisaidii sana. Wengi waliopatwa na mazito nawasikia wakilia kwamba hayasahauliki.

Nimalizie na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1885. Semina nyingi zitawaambia aligundua kwamba binadamu husahau theluthi mbili ya anachojifunza ndani ya siku moja. Sivyo alivyopima. Alijipima yeye mwenyewe peke yake, kwa silabi zisizo na maana, na alichohesabu ni muda aliookoa alipojifunza upya orodha ileile. Baada ya siku moja aliokoa kama theluthi ya muda wa mwanzo. Baada ya siku 31, bado aliokoa kama moja ya tano. Mwezi mzima, kwa silabi za kipuuzi!

Kwa hiyo yule mtoto aliyerudi kutoka likizo, ukamwambia asome, akatoa macho, ukasema sura yote imekwenda na maji: mrudishie sura ileile kesho asubuhi, usimpe mpya. Andika mara ya kwanza ilimchukua siku ngapi, na safari hii ngapi. Daftari hizo mje nazo tukikutana tena, tuzifungue hapa mezani.