Karatasi ya Kwanza: Mshahara wa Mchezaji Anayeanza Ligi Kuu

Mugonile vijana wangu, wazazi, na makocha mliofunga safari kutoka Chunya, Tukuyu na Mbarali.

Wengi wenu mlikuwa wadogo msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Tangu hapo kila mtaa wa jiji hili una kijana anayesubiri kusajiliwa. Leo nazungumzia mwaka wake wa kwanza kazini, upande wa fedha tu.

Mimi nilisaini mkataba wangu wa kwanza juu ya boneti ya gari, jirani na stendi ya Kabwe. Karatasi zilikuwa tatu. Kiongozi alishika kwa kidole mahali pa sahihi, kiganja kimefunika maandishi ya juu. Nikapewa bahasha ya pesa ya usajili, karatasi akaondoka nazo. Ile bahasha nilimpelekea mama siku hiyo hiyo, tukafurahi mno. Mshahara wa mwezi wa tatu haukuja, wa nne haukuja, na nilipokwenda kudai nikaulizwa: mkataba wako uko wapi?

Ndiyo maana nasema pesa ya usajili isiwalevye. Inalipwa mara moja. Mtakaoishi nao ni mshahara.

Sasa tupige hesabu. Tuseme umeandikiwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kijana anaipangia yote: kodi ya chumba Soweto, ada ya mdogo wake, simu. Lakini mchango wako wa asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni 60,000. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi ya mapato: 20,000 kwa kiasi kinachofika 520,000, kisha asilimia 20 ya ile 20,000 iliyozidi, yaani 4,000. Mkononi unapokea 516,000. Klabu nayo inapaswa kukuwekea NSSF 60,000 yake. Nenda ukaangalie kama inaingia, maana goti likiumia ukiwa na miaka 24 utaikumbuka. Bonasi ya ushindi msiipangie matumizi kabisa, hasa wewe ambaye bado unaanzia benchi.

Wazazi, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis, zinasema klabu ikishindwa kinyume cha haki kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Ila kwanza aiandikie klabu na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Aandike! Kumpigia meneja simu usiku na kulia hakuhesabiki. Na utaandikaje kuhusu tarehe ya malipo ikiwa mkataba wenyewe hautaji tarehe hiyo? Mtoto aliye chini ya miaka 18 asifungwe zaidi ya miaka mitatu. Hilo nalo limo katika kanuni hizo hizo.

Pale mezani nimeweka nakala za mkataba wa mfano. Chukueni, mkae wawili wawili, mzazi na mwanawe, mtafute mstari wenye tarehe ya mshahara. Umekosekana kwenye nakala mbili, makusudi. Atakayeziona aniletee hapa mbele.