Kiyoyozi cha Gari Kisipopoza: Pima Kabla ya Kujaza Gesi

Ndugu wasikilizaji,

Gari linapoanza kupuliza hewa ya moto, dereva na fundi hukubaliana upesi kwamba gesi imeisha. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua sana ndani ya muda mfupi ni kwa sababu imepata pa kutokea. Kuijaza bila kutafuta tundu ni kuimwaga hewani kwa malipo.

Washeni injini na kiyoyozi, kisha mtazame mbele ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi. Puli huzunguka wakati wote kwa sababu inavutwa na mkanda. Kinachotafutwa ni kile kisahani cha klachi kilicho mbele yake, ambacho hunasa kwenye puli ili kuizungusha kompresa. Kisahani kikisimama tuli wakati puli inazunguka, kompresa haifanyi kazi, na sababu yaweza kuwa fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), koili ya klachi (sumaku ya umeme inayokivuta kisahani), au swichi ya presha ambayo hukata umeme kwa makusudi gesi inapopungua, kwa kuwa oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi hiyo. Kwa hiyo msiilaumu koili kabla ya kuunganisha geji, yaani kipimo cha presha ya gesi. (Kompresa nyingine za kisasa hazina klachi, na kipimo hiki hakizihusu.)

Geji nayo hudanganya asiyeijua. Injini ikiwa imezimwa na joto likiwa nyuzi 30 za Selsiasi, mfumo unaotumia gesi aina ya R-134a huonyesha presha ya takriban psi 97 pande zote mbili, yaani upande wa chini (gesi inapoingia kwenye kompresa) na upande wa juu (inapotoka), na wengi hufurahi. Kumbe usomaji huo unathibitisha tu kwamba ndani bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika, iwe nyingi au kidogo. Ukweli huonekana injini inapowaka. Presha ya upande wa chini ikiwa juu na ya upande wa juu ikiwa chini, kompresa imechoka. Zote mbili zikipanda kupita kiasi, tazameni kwanza feni na kondensa (rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi) iliyozibwa na vumbi na wadudu: gari linalopoza vizuri barabara kuu lakini linapuliza hewa ya moto likikwama kwenye foleni, mara nyingi lina kasoro hiyo. Upande wa chini ukishuka hadi ombwe, yaani chini ya presha ya hewa ya kawaida, vali ya upanuzi (kijitundu kinachoishusha presha ya gesi ili ipoe) imeziba, pengine kwa barafu ya unyevu ulioingia.

Tundu lenyewe mara nyingi hujitambulisha kwa doa la oili lililokamata vumbi kwenye maungio. Povu la sabuni huthibitisha. Baada ya kuliziba, mfumo uvutwe hewa kwa pampu ya ombwe, maana katika ombwe maji huchemka hata bila moto na mvuke wake hutolewa nje. Anayeruka hatua hii atarudi kwenye ile barafu.

Presha zikiwa sawa na hewa bado ni ya moto, kagueni mlango wa kuchanganya hewa ya moto na ya baridi ulio nyuma ya dashibodi.

Ujazaji ufanywe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti, na kwa aina ya gesi iliyotajwa hapo: R-134a na R-1234yf hazichanganywi. Gesi ya zamani ikusanywe kwa mashine, kwani kilo moja ya R-134a hupasha dunia joto kama takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi.